Gari Lisilojibu

Kwa miaka kumi na moja Ikupa alisafirisha marehemu kutoka Mbeya kwenda kuzikwa kwao, na muda wote huo alijua jambo moja ambalo abiria wake hawakulijua. Alijua kwamba gari halimsikii maiti.

Abiria wake waliamini vingine, naye hakuwahi kuwabishia. Jeneza likishaingizwa, mkubwa wa ukoo huweka mkono juu yake, humwita marehemu kwa jina na kumwambia safari imefika, twende nyumbani. Watu wote hunyamaza. Dereva huzungusha ufunguo. Injini ikishika, kina mama huachia pumzi, mmoja husema, "Amekubali," na milango hufungwa. Injini ikilia tu bila kushika, hakuna anayeita fundi. Ndugu hutazamana, na baada ya muda mmoja wao huanza kusema alichokuwa amekificha.

Gari lake lilikuwa Noah ya petroli, nyeupe, iliyong'olewa viti vya nyuma. Ilikuwa ya mumewe, Sifaeli, aliyeianza kazi hiyo. Chini ya kiti cha dereva, mahali mkono unapofika bila bega kusogea, kulikuwa na swichi ndogo nyeusi. Magari mengi ya mjini yana swichi kama hiyo. Huwekwa dhidi ya wezi, kwa kuwa hukata umeme unaokwenda kwenye pampu ya petroli. Sifaeli aliipa kazi nyingine. Akifika mochwari na kuona ndugu wamesimama makundi mawili yasiyosalimiana, hakuzima gari kwa ufunguo. Alizima swichi, akaiacha injini inywe petroli iliyobaki kwenye mrija mpaka ife yenyewe. Baada ya hapo mtu angezungusha ufunguo hadi betri iishe. Gari liligoma, ndugu wakasema ya moyoni, wakaombana radhi mbele ya jeneza, naye akairudisha swichi kama mtu anayejikuna mguu.

Ikupa aliijua siri hiyo siku ya kumzika Sifaeli mwenyewe. Noah ndiyo iliyokuwa impeleke Rungwe, na aliyeshika usukani alikuwa Shedrack, fundi wake na rafiki yake wa miaka mingi. Gari lilikataa kutoka uani. Wazee walimsemesha marehemu mara tatu. Dada zake walianza kulia upya. Ikupa alipiga magoti na kuomba radhi kwa mambo ambayo hakuwahi kumtendea. Ndipo alipomwona Shedrack akiinama kidogo, mkono ukipotea chini ya kiti, na injini ikawaka.

Baada ya arobaini alikwenda gereji kumuuliza. Shedrack alimweleza kila kitu bila kumtazama usoni. Sifaeli alikuwa ameizima swichi alipoegesha gari uani mara ya mwisho kabla ya kulazwa, hakupata nafasi ya kuirudisha, na Shedrack aliikumbuka akiwa tayari kwenye usukani. Mwezi uliofuata Ikupa alianza kujifunza udereva.

Mtoto wa kaka yake, Crispin, anauza magari kwenye yadi moja ya mjini. Jumapili moja ya Juni alifika nyumbani kwa shangazi yake akiendesha gari dogo la mizigo la umeme, lililotumika Japani, jeupe kama Noah ila fupi kidogo. Hakuna aliyemsikia akiingia. Walikuwa mezani, wakashtukia tu yuko mlangoni.

"Shangazi, nikuulize," alisema kabla hajakaa. "Kwenda Iringa na kurudi unachoma lita ngapi?"

"Sabini. Jua la Chimala likiwa kali, zaidi."

"Sabini mara elfu tatu na kitu."

"Kuzidisha najua, Crispin. Ninayelipa ni mimi."

"Lile pale, safari hiyo hiyo, halimalizi umeme wa elfu hamsini. Halina oili. Halina plagi, halina mnyororo wa taimingi. Huyu mzee atakusahau sura."

Mzee alikuwa Shedrack, aliyekuja kula kama alivyozoea Jumapili. Hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Na betri yake ikichoka?"

"Ina miaka minane mbele yake."

"Ya kwenye karatasi, au ya kupanda Mlima Nyoka? Kwa bei ya betri hiyo unapata Noah nyingine na jogoo wa kuipokelea."

"Hayo ya baadaye, baba. Noah inadai injini mwaka huu huu. Umesema wewe mwenyewe."

Shedrack alitafuna. Ni kweli alisema.

"Likijaa linakwenda umbali gani?" Ikupa aliuliza.

"Mia mbili na thelathini."

"Iringa ni mia tatu na thelathini. Na wengine nawapeleka Kalenga, mbele zaidi."

"Unapumzika Makambako. Nina jamaa pale ana karakana ya kuchomelea, ana umeme mkubwa. Saa nne hivi, unaondoka umejaa."

"Mzigo wangu haupumziki, Crispin."

Gari lenye maiti halilazi mzigo wake njiani. Likisimama, linasimama kwa haja ndogo, na hata hiyo watu huifanya haraka haraka. Crispin alisukuma ufunguo juu ya meza, akasema, "Kaa nalo wiki hii. Lijaribu. Jumamosi nakuja. Ama narudi na hili, ama naondoka na Noah, na kinachobaki unalipa taratibu. Tajiri wa yadi hawezi kungoja, kuna mtu wa Tunduma analitaka hili."

Kwa hiyo Ikupa alikuwa na siku sita za kuamua kama ataachana na gari la mumewe. Hesabu zenyewe hazikumsumbua. Alizipiga mara mbili, na mara zote mbili ziliegemea upande wa Crispin. Lililomsumbua ni dogo zaidi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari lile la umeme, akapapasa chini, na mkono wake ukakuta zulia tu.

Alipata safari ya Alhamisi. Edmund, karani mstaafu wa reli, alikuwa amefia Mbeya na angezikwa kwao, karibu na Kalenga, saa tisa alasiri. Waombolezaji wengi walikuwa wametangulia kwa basi. Waliotakiwa kusafiri na jeneza ni wawili: Benjamini, mwanawe pekee, mwalimu wa shule ya msingi, na bibi Lea, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka huko kumchukua kaka yake. Ikupa aliamua kwenda na gari la umeme, akawatajia bei pungufu kuliko ya Noah, Benjamini akashukuru.

Alifika mochwari alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya bati. Wanakwaya wachache walikuja kuaga. Benjamini alisimama upande wa miguu ya jeneza, bibi Lea upande wa kichwa. Walipokezana kamba za kufungia bila macho yao kukutana. Benjamini kila aliposemeshwa na bibi alijibu akitazama ardhi. Ikupa alizijua alama hizo. Kwenye Noah mkono wake ungeshakwenda chini.

Bibi Lea alisimama kwenye mlango wa nyuma, akaingiza mkono, akaulaza juu ya ubao.

"Edmund. Kaka. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Wote wakanyamaza. Ikupa alibonyeza kitufe. Kitaa cha kijani kikawaka mbele yake, gari likawa tayari kwenda. Hakukusikika kitu. Tone la umande lilidondoka kutoka kwenye bati, kisha lingine. Watu waliendelea kungoja.

"Limekataa," mzee mmoja wa kwaya alisema kwa sauti ya chini.

"Limeshawaka, baba," alisema Ikupa.

"Limewaka wapi?"

"Limewaka. Halina mlio."

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuza dawa stendi. Benjamini aliinama, akatega sikio kwenye boneti. "Mbona kimya tu," alisema. Ikupa, ili yaishe, aliachia breki. Gari likasogea hatua tatu, lote pamoja na jeneza na mkono wa bibi Lea uliokuwa bado juu yake, na bibi akalazimika kutembea nalo asianguke.

Liliposimama bibi alivuta mkono wake, akaufuta kwenye khanga.

"Umemchukua kabla hajajibu," alisema.

"Bibi, muda unakwenda."

"Sijakugombeza. Nimesema ulichofanya."

Uyole, kwenye njia ya kutoka mjini, ukungu ulikuwa mzito zaidi. Noah ilipokuwa ikipita hapo na taa zake zikiwaka na tawi bichi la msiba kwenye bampa, watu waliisikia kabla ya kuiona. Wanaume walivua kofia, kina mama walitua mizigo. Leo tawi lilikuwepo na taa ziliwaka, lakini hakuna aliyegeuka. Ikupa alienda mwendo wa mtu anayetembea, kwa kuwa watu walikuwa barabarani na hawakujua kwamba nyuma yao kuna gari. Walipita kando ya wanawake wenye ndoo za karoti kichwani, karibu kiasi cha kuwagusa. Walipita wanafunzi. Wazee wawili walikuwa wakizungumza juu ya bei ya mbolea, na sentensi nzima iliingia kupitia kioo, ikawafikia, ikaachwa nyuma, na wazee wale hawakukatisha maneno. Mbwa mmoja tu ndiye aliyesimama, akalifuata gari kwa macho.

"Hawatuoni," alisema bibi Lea. Alikuwa ameketi mbele, pembeni ya Ikupa.

"Ni ukungu, bibi."

"Ukungu unaziba macho. Masikio je?"

Ikupa alipiga honi. Watu waliruka pembeni, wakatazama kila upande isipokuwa gari lilipokuwa.

"Acha," bibi alisema. "Unawatisha. Hata sisi sijui kama tupo."

Noah ilikuwa na kelele zake, na kelele hizo zilifunika mambo mengi. Humu kila kitu kilisikika. Kamba ilisugua pembe ya jeneza. Benjamini, aliyeketi nyuma kwenye kigoda, alimeza mate. Baada ya Inyala ubao ulilia mara moja, taratibu, kama kitanda mtu anapogeuka.

"Mbao mbichi," Ikupa alisema. "Zinakauka."



"Ile namba ni ya nini?" bibi aliuliza walipokuwa wakishuka kuelekea bonde la Usangu.

"Umeme uliobaki."

"Ilikuwa themanini na mbili. Sasa ni themanini na nne."

"Tunateremka. Magurudumu yakizunguka bila kusukumwa yanarudisha umeme kwenye betri. Crispin, mtoto wa kaka yangu, alinieleza."

"Kwa hiyo hakuna aliyelijaza."

"Mteremko, bibi."

"Mh."

Chini Usangu jua lilikuwa limetoka. Walipita mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa na makundi ya ng'ombe yakivushwa barabara, na namba ilishuka kama inavyotakiwa: sabini na nne Chimala, kisha sitini na tano, sitini na moja. Kabla ya Igawa, kwenye barabara iliyonyooka kama rula, ambako hakuna mteremko wala upepo, ikapanda ikawa sitini na mbili. Ikakaa hapo kwa kilomita nne. Ikupa alizihesabu kwenye vibao vya barabarani. Hakumtazama bibi Lea. Bibi alikuwa ameiona namba.

Walifika Makambako saa mbili na nusu, na asilimia thelathini na moja. Ezekiel, mwenye karakana ya kuchomelea, aliwafungulia geti akitabasamu. Kisha akaliona tawi. Tabasamu likaondoka polepole.

"Crispin aliniambia mzigo," alisema. "Hakusema mzigo gani."

"Ungekataa?"

"Ningefagia." Aligeuka akawapungia vijana wake mkono. Mashine za kuchomelea zikazimwa moja moja. "Poleni, jamani. Ingizeni kivulini."

Waliliegesha gari chini ya paa la bati, kati ya mageti yaliyochomelewa nusu. Ikupa alichomeka waya. Kitaa cha kwenye waya kikawaka, kuonyesha umeme umefika. Namba ilibaki thelathini na moja.

Saa tatu ilikuwa thelathini na moja. Ezekiel alileta taa ya kupimia, ikawaka. Alileta mashine ya kusaga chuma, akaichomeka pale pale, ikanguruma, akaizima haraka kwa aibu. Alibadilisha soketi. Alichomoa, akapuliza vumbi, akachomeka. Ikupa alimpigia Crispin mara nne. Simu iliita mpaka ikakata.

"Umeme upo," Ezekiel alisema, akikuna kidevu. "Unafika hadi kwenye mdomo wake. Halitaki kumeza."

Saa tatu na nusu simu ya Benjamini iliita kutoka Kalenga. Kaburi lilikuwa tayari, watu walikuwa wakiuliza mmefika wapi. "Njiani," Benjamini alijibu. Aliirudisha simu mfukoni.

Ikupa alitazama gari hilo kama alivyowahi kumtazama Shedrack siku ile ya Rungwe. Kukataa kwa aina hii alikuwa akikufahamu kuliko mtu yeyote pale karakana. Umekata pampu, umengoja mrija ukauke, na sasa unasubiri watu waseme. Tofauti ni kwamba mkono haukuwa wake. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti na kupapasa chini ya kiti, mbele, nyuma, hadi kwenye reli za kiti. Zulia. Alipoinuka alimkuta Benjamini amesimama nyuma yake.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kitu cha gari lingine."

Benjamini aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo linaeleweka. Alikuwa na jasho, ingawa Makambako asubuhi hiyo ilikuwa ya kuvaa sweta. Akamgeukia bibi Lea, aliyeketi kwenye benchi la mafundi na mikono juu ya mapaja.

"Shangazi. Baba hakutaka kuja huku."

Bibi aliinua macho.

"Aliniambia hospitali, siku mbili kabla. Alisema nimlaze Iwambi, kule kule Mbeya, kando ya mama. Nikamwambia ndiyo, baba. Halafu ukapiga simu kwamba ukoo umeshakaa, na mahali pameshapimwa. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema mama yangu amemnyang'anya baba kwao, hadi kaburini."

"Ningesema hivyo," bibi alikubali. Nyuma ya ukuta malori yalikuwa yakipanda kuelekea Njombe, na ndani ya karakana watu wanane walikuwa wamesimama bila kugusa chombo chochote. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Benjamini alikwenda nyuma ya gari, akafungua mlango, akainama ndani. Ikupa alisogea pembeni. Mara nyingi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye maneno ya namna hiyo huku kidole chake kikingoja chini ya kiti, na alizoea kuyapima: yakifika mahali fulani, anarudisha swichi. Sasa kidole hakikuwa na kazi. Alisikia tu sauti ya Benjamini, chini chini, kama mtu anayesoma barua. Bibi Lea alimfuata, akasimama pembeni yake, akaweka mkono juu ya ubao mahali pale pale alipouweka alfajiri.

"Edmund, umesikia. Kabla ya arobaini huyu atakwenda Iwambi, achukue udongo wa kaburi la mkeo, akuletee. Nimeshuhudia mimi. Hatutakuacha peke yako. Twende nyumbani."

Ndani ya gari, mahali fulani chini ya jeneza, kitu kiligonga mara moja, kama kitasa kinachofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watu. Feni ndogo ikaanza kuzunguka. Namba ikawa thelathini na mbili.

Hakuna aliyesema amekubali. Ezekiel aliketi juu ya gurudumu.

Ilikuwa saa nne na dakika chache. Crispin alipiga simu baada ya robo saa, nyuma yake wateja wakisikika. "Aa, hiyo, shangazi. Kuna mpangilio wa saa humo ndani. Linaweza kupangiwa lisianze kuchaji mpaka saa fulani. Watu wa Japani hufanya hivyo, kuna saa umeme wao ni rahisi. Usiogope."

"Lilipangiwa saa ngapi?"

"Sijui. Aliyepanga ni mwenyewe wa zamani. Maandishi yote ni ya Kijapani."

"Na aliyepanga leo?"

"Unasemaje?"

"Basi. Kazi njema."

Walimzika Edmund saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa juu ya vilima, mbele ya watu waliokwisha choka kungoja. Hakuna aliyemlaumu dereva. Benjamini alimlipa, akaongeza ya soda. Bibi Lea alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Gari lako lina adabu," alimwambia.

Ijumaa, baada ya kulichaji usiku kucha Kalenga, alirudi Mbeya bila mzigo, akichaji tena Makambako, na namba ilifanya kila kitu kama Crispin alivyoahidi. Alipofika alikwenda moja kwa moja gereji kwa Shedrack. Alimweleza yote, hadi zile kilomita nne kabla ya Igawa.

"Betri hupima kwa kukisia," Shedrack alisema. "Inaweza kukosea ikajisahihisha. Na pale Makambako ni ule mpangilio wa saa."

"Ndiyo."

"Basi, sasa nini?"

"Kwenye Noah nilijua ni mimi."

Shedrack aliokota spana, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Unalirudisha."

"Nalirudisha. Nitachoma petroli yangu. Lakini Crispin ana hesabu, na mimi sina ya kumjibu. Nikimwambia jambo hili atacheka mpaka Krismasi."

"Mwambie Noah imekataa," alisema Shedrack, akatabasamu kidogo. "Hilo hakuna wa kulipinga."

Alikuwa anatania, lakini ndivyo Ikupa alivyofanya. Jioni hiyo, kabla ya jua kuzama, aliizungusha Noah mtaani mara moja, akairudisha uani, akaizima kwa swichi. Injini iliendelea kidogo, ikakohoa, ikafa. Alizungusha ufunguo mara tatu ili kuhakikisha mrija umekauka. Ililia tu. Akafunga milango, akaingia ndani na ufunguo.

Jumamosi Crispin alifika na karatasi za kusaini. Shedrack alikuwepo pia, ameegemea ukuta, amekuja kuangalia.

"Nimekuwa na gari hili tangu mume wangu afariki," Ikupa alimwambia Crispin. "Sitalitoa kwa karatasi tu. Tutalifanyia kama tunavyowafanyia watu. Likiwaka, lichukue. Likikataa, rudi na la kwako, na tusizungumze tena."

Crispin alicheka. "Shangazi na wewe. Haya."

Ikupa aliketi kwenye kiti. Mkono wake ulishuka chini kwa mazoea, ukaigusa swichi. Ilikuwa imezimwa, kama alivyoiacha. Aliweka mkono mwingine juu ya dashibodi, mahali rangi ilipofifia kwa mkono wa Sifaeli. Alikuwa amepanga kusema maneno machache ya kuigiza, lakini aliposema jina sauti haikutoka ya kuigiza.

"Sifaeli. Wanataka kukuchukua."

Akazungusha ufunguo.

Injini iliwaka kabla ufunguo haujafika mwisho. Iliwaka safi, bila ile kelele ya mnyororo wa taimingi iliyokuwa ikiisumbua tangu mvua za masika, ikatulia kwenye mlio mmoja.

Shedrack alitoka ukutani.

Ikupa hakuondoa mkono kwenye swichi. Petroli ikibaki kwenye mrija injini inaweza kwenda sekunde chache. Hilo alifundishwa na Shedrack mwenyewe. Alihesabu hadi kumi. Alihesabu hadi sitini. Alipofika mia mbili aliacha kuhesabu, akaibonyeza swichi kwa kidole gumba kuelekea upande ambao tayari ilikuwa, upande wa kuzima, kwa nguvu, mpaka kidole kikauma. Mlio haukubadilika.

"Umeona?" Crispin alisema. "Limekubali."

Ikupa alishuka. Alitoa ndani kitambaa cha kufutia kioo, na khanga kuukuu ya kufunika viti. Hakuzima injini. Alisaini karatasi juu ya boneti iliyokuwa ikitetema, kisha akamwambia Crispin aendeshe polepole kwenye matuta.

Noah ilitoka getini, ikakata kulia. Shedrack alikuja akasimama pembeni yake.

"Uliizima vizuri?"

"Vizuri."

"Ni petroli ya kwenye mrija," alisema Shedrack. "Itazima hapo mbele."

Nyuma yao gari la umeme lilikuwa uani, na hakuna kati yao aliyeweza kusema kama limezimwa au linangoja. Walisimama wakisikiliza mlio wa Noah ukishuka hadi barabara kubwa, ukasimama kupisha magari, ukapanda tena upande wa pili. Haukukatika.